Mahali Kama Kisa: Chimbuko la Upangaji wa Filamu Fupi za Wanafunzi

Upangaji wa filamu fupi ya mwanafunzi, yaani kazi ya kuamua kisa kitakachosimuliwa na mandhari ambamo kitatokea kabla ya kamera kuwashwa, haukuzaliwa na nadharia za sanaa peke yake, bali ulichongwa pia na uhaba. Historia ya shule za filamu inaonyesha kwamba mwanafunzi aliyepungukiwa na mkanda, fedha na muda alilazimika kuanza na vile alivyoweza kuvipata, na miongoni mwa hivyo mahali ndipo palipompa faida kubwa kuliko vyote.

Shule ya serikali ya kufundisha filamu ilifunguliwa Moscow mwaka 1919, wakati Urusi ilipokuwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe na mkanda ghafi, yaani ule ambao bado haujapigwa picha, ukiwa adimu mno. Lev Kuleshov, mwalimu aliyezaliwa mwaka 1899, aliwaongoza wanafunzi wake kutunga filamu zisizo na mkanda, ambazo zilikuwa maigizo mafupi ya jukwaani yaliyogawanywa katika vipande na kufuatana kama ambavyo picha zingefuatana baada ya uhariri. Mkanda kidogo ulipopatikana, Kuleshov alifanya jaribio lililohusu mandhari yenyewe: waigizaji wawili walipigwa picha katika sehemu tofauti za Moscow, kisha picha ya Ikulu ya Marekani, iliyotolewa katika filamu nyingine, ikaunganishwa na zile za kwanza, hata mtazamaji akaamini kwamba watu hao walikutana na kuliendea jengo ambalo halikuwamo katika mji huo. Mbinu hiyo, ambayo hujulikana kama jiografia bunifu, ilidhihirisha kwamba mandhari ya filamu hupangwa na mtunzi sawasawa na anavyopanga matendo ya wahusika.

Nchini Poland, shule ya filamu ilianzishwa Łódź mwaka 1948, kwa kuwa Warszawa, mji mkuu, ulikuwa umebomolewa vitani ilhali majengo ya Łódź, mji wa viwanda vya nguo, yalikuwa yangali yamesimama. Roman Polanski alipokuwa mwanafunzi huko alitengeneza, mwaka 1958, filamu ya takriban dakika 15 kuhusu wanaume wawili wanaotoka baharini wakiwa wamebeba kabati la nguo. Kisa chake, kilichopigwa picha katika mji wa pwani wa Sopot, hakina mazungumzo. Wanaume hao hukataliwa katika tramu, mkahawani na hotelini, hupigwa na wahuni, na hatimaye hurudi baharini na kabati lao. Kila mahali wanapofika huongeza hatua moja katika kisa, kiasi kwamba orodha ya mandhari ndiyo muhtasari wa hadithi nzima. Filamu hiyo ilipata tuzo katika mashindano ya filamu za majaribio mjini Brussels mwaka huohuo.

Mfano wa karibu na huo ulitokea Afrika. Ousmane Sembène wa Senegal, ambaye tayari alikuwa mwandishi wa riwaya, alikwenda kujifunza filamu Moscow, na baada ya kurejea akatoa, mwaka 1963, filamu fupi ya *Borom Sarret*, inayomfuata mwendesha mkokoteni wa farasi kwa siku moja jijini Dakar. Mwendesha mkokoteni huyo huendelea na kazi yake katika mitaa ya maskini, lakini akishapanda hadi Plateau, mtaa wa wenye uwezo ambamo mikokoteni imepigwa marufuku, polisi humnyang'anya chombo chake cha kazi. Mpaka kati ya mitaa hiyo miwili ndio unaozaa mgogoro, na mtunzi hakuhitaji kubuni adui mwingine.

Ujio wa kamera za kidijitali umeondoa uhaba wa mkanda, lakini haujaondoa ufupi wa filamu yenyewe, ambao haumpi mtunzi dakika za kueleza asili ya mhusika, kazi yake na tabaka lake. Kwa sababu hiyo, utaratibu uliozaliwa katika dhiki unaendelea kufaa hata mahali ambapo dhiki hiyo imekwisha, kwa kuwa mandhari iliyochaguliwa kwa makini hueleza hayo yote tangu picha ya kwanza na kukiachia kisa nafasi ya kusonga mbele.