Taabu ya Hiari: Miguu na Magoti Ugogoni

Kabla ya reli, msafiri aliyetoka Pwani kwenda Tabora alijua kwamba njia inaanza kuwa ngumu akishaipita Mpwapwa. Hapo palikuwa na maji chini ya milima. Misafara ilipumzika, ikajaza vibuyu na kununua nafaka. Mbele yake kulikuwa na Marenga Mkali, nyika kavu ambayo jina lake lenyewe linasimulia maji machungu. Ng'ambo ya nyika ulianza Ugogo, nchi ya watemi waliotoza hongo kwa kila msafara uliotaka kuchota visimani mwao. Mpagazi aliivuka nyika hiyo akiwa na mzigo wa frasila mbili, karibu kilo 32, na wala hakuita safari yake mazoezi. Ilikuwa kazi, na kwa wengine ilikuwa shuruti.

Ukristo nao ulipanda nyanda za kati kwa njia hiyohiyo. Mwaka 1876 wamisionari wa chama cha CMS cha Uingereza walifika Mpwapwa wakiwa safarini kuelekea Buganda, wakapaona panafaa kuwa kituo cha njiani. Mwaka uliofuata mhandisi Mskoti, Alexander Mackay, akiwa na vibarua wenye mashoka, alifyeka njia kutoka Saadani hadi Mpwapwa, maili 230 hivi. Alitaka ng'ombe wakokote magari badala ya watu kubeba mizigo. Lakini mbung'o hawakujali mipango yake: ng'ombe walikufa, magari yakakwama, na majani yakairudia njia. Injili ikabaki mikononi mwa waendao kwa miguu.

Kituo cha Mpwapwa kikakaliwa kwa kudumu kuanzia 1878. Mwaka 1889, vita vya Bushiri dhidi ya Wajerumani vilipofika bara, kilichomwa moto, kisha kikajengwa tena. Mwaka 1900 kikafunguliwa kituo cha Mvumi, ndani ya Ugogo wenyewe. Kutoka vituo hivyo walimu Waafrika walikwenda vijijini, kutoka tembe hadi tembe, chini ya mapaa yale ya udongo yaliyolala bapa. Walifundisha kusoma, wakasali na watu, wakaamka kesho yake kuendelea na njia.

Tuwatazame kidogo walimu hao, maana ndipo neno letu la mazoezi lilipo. Mtume Paulo, akimwandikia kijana wake Timotheo, alikubali kwamba kuuzoeza mwili kuna faida yake, ila akaupa utauwa faida iliyo kubwa zaidi. Aliazima lugha ya wanamichezo wa miji ya Kigiriki. Hata neno la Kigiriki askesis, ambalo Wakristo wa kale walilitumia kwa kufunga na kukesha kwa watawa, lilikuwa kwanza neno la mazoezi kama ya wanariadha. Kwa mwanariadha, uzito wa zoezi hautoshi. Lazima awe amelichagua mwenyewe. Mpagazi na mwalimu wa dini walikanyaga mchanga mmoja na kupigwa na jua moja. Kilichowatenganisha ni hiari.

Ugogo ulikuja kuonyeshwa tofauti hiyo kwa ukali. Vita Kuu ilipoanza mwaka 1914, Wajerumani waliwaweka kizuizini wamisionari wa CMS. Walimu wao Waafrika walishukiwa kuwa upande wa Waingereza. Wengi walikamatwa, wakafungwa Tabora na kufanyishwa kazi ngumu, na baadhi yao hawakurudi makwao. Tabora ilipotekwa na jeshi la Wabelgiji mwezi Septemba 1916, walionusurika walifunguliwa. Walirudi katika nchi ambayo majeshi ya pande zote mbili yalikuwa yameshachukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo.

Kisha mvua ikakosa. Njaa iliyofuata Wagogo wanaikumbuka kwa jina la Mtunya. Wanahistoria wanakadiria kwamba watu 30,000 walikufa kati ya 150,000 hivi waliokuwepo Ugogo. Hapo mwili haukuwa unafunga, bali ulikuwa unanyimwa. Anayefunga ana chakula na anakiacha, lakini mwenye njaa hana cha kuacha.

Ndiyo maana Kwaresima ina ladha yake nyanda za kati. Huangukia kati ya Februari na Aprili, wakati mtama na uwele bado viko shambani na vihenge vinakaribia kukauka. Kwa nyumba nyingi huo tayari ni msimu wa kula kidogo: bonge la ugali, mlenda, na maji. Mama anayefunga siku hizo hafanyi zoezi la mtu aliyeshiba. Anaichukua taabu ambayo mwaka ungemletea hata asipotaka, anaitia nia, na kile alichojinyima anampa jirani ambaye kihenge chake kimekwisha kabisa. Anaipa njaa jina jipya.

Dayosisi ya Central Tanganyika ilianzishwa mwaka 1927, askofu wake wa kwanza akiwa George Chambers, na Dodoma ikawa makao yake. Katikati ya miaka ya 1940 akaja mwalimu kutoka Kigezi, Uganda, kijana Festo Kivengere, pamoja na mkewe Mera. Alifundisha katika shule ya sekondari ya Alliance, iliyokuja kuitwa Mazengo kwa heshima ya mtemi wa Mvumi. Leo viwanja hivyo ni vya Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana.

Kivengere alikuja na moto wa Uamsho wa kiroho uliowaka Rwanda na Uganda tangu miaka ya 1930. Wandugu wa Uamsho walikuwa na usemi wao: kutembea nuruni. Maana yake ni kutubu mapema, tena mbele ya wenzako, kabla kosa halijaota mizizi. Mwenye deni aseme deni lake. Mume aliyemkasirikia mkewe akiri kabla hajasimama kuhubiri. Ni zoezi la roho, na kama mazoezi yote, siku ya kwanza lina maumivu, na halifanyiki mara moja likaisha.

Kivengere alikaa Dodoma hadi mwishoni mwa miaka ya 1950. Mwaka 1972 aliwekwa kuwa Askofu wa Kigezi. Februari 1977, baada ya Askofu Mkuu Janani Luwum kuuawa katika utawala wa Idi Amin, aliambiwa kwamba naye anatafutwa. Yeye na Mera walikwenda kwa gari hadi barabara ilipoishia, kisha wakapanda milima usiku kwa miguu hadi Rwanda. Hiyo ilikuwa safari ya shuruti, kama ile ya mpagazi.

Mwaka huohuo alitoa kitabu kilichobeba, katika jina lake, tamko la kumpenda Idi Amin. Miguu ililazimishwa kutembea. Moyo haukulazimishwa na mtu kusamehe. Ulikuwa umezoezwa miaka mingi, darasani na katika mikutano ya wandugu, ikiwemo ile ya Dodoma.