Watu wa Visiwa vya Mto: Wavuvi wa Korogwe katika Historia Yetu

Historia ya Injili katika Usambara kwa kawaida husimuliwa kutoka mlimani. Tunaitaja Mlalo, ambako wamisionari wa Bethel walianza kazi mwaka 1891, kisha Vuga na Bumbuli. Katika makala hii fupi tunapenda kushuka bondeni hadi Mto Pangani, uitwao pia Ruvu, upitao Korogwe kati ya milima ya Usambara na nyika ya Handeni. Huko waliishi wavuvi ambao vitabu vyetu huwataja kwa nadra.

Wageni wa kwanza kutoka Ulaya hawakuja kwa ajili yao. Johann Ludwig Krapf, Mlutheri wa Württemberg aliyetumwa na CMS, alifika Vuga mwaka 1848 kuonana na mfalme Kimweri ye Nyumbai. Mwaka 1857 Burton na Speke walipitia bonde la Pangani wakielekea huko huko. Kwao mto ulikuwa njia tu. Oscar Baumann, katika kitabu chake cha mwaka 1891, ndiye aliyeandika kwa makini zaidi juu ya vijiji vilivyojengwa visiwani, katikati ya mto.

Kwa nini visiwani? Samaki si sababu pekee. Kimweri alipofariki mwaka 1862, vita vya kugombea utawala vilizuka, na biashara ya watumwa ikashamiri. Wamasai nao walishuka kutafuta mifugo. Kwa wanyonge wa bondeni, maji yalikuwa boma lao. Uvuvi uliwalisha watu ambao kwanza walikuwa wakitafuta usalama.

Usalama ulipopatikana, riziki yenyewe ilibadilika. Bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa miaka ya 1960 huko juu, lilipunguza mafuriko yaliyokuwa yakijaza vinamasi vya Kirua, mazalio ya samaki. Mwaka 1955 mtaalamu Rosemary Lowe alikuwa ameeleza kisayansi aina mbili za perege, moja ikipewa jina la Korogwe, nyingine la Pangani. Jina la Korogwe limo katika vitabu vya elimu ya samaki, ilhali wavuvi wake hawamo katika vitabu vya Kanisa.

Tunakiri kwamba wamisionari wetu walielekea milimani. Ni wenzetu wa UMCA walioweka kituo Korogwe. Hatusemi hivyo ili kuwalaumu waliotangulia. Lakini mwanafunzi wa theolojia akumbuke kwamba wanafunzi wa kwanza wa Bwana waliitwa kando ya ziwa, wakiwa na nyavu mikononi. Basi mchungaji apangiwaye kazi bondeni na aketi na wazee wa mtoni, awaulize walikotoka na walichokikimbia, ayaandike majibu yao. Wazee hao wakitutoka kabla hatujawauliza, historia tutakayofundisha itabaki ya mlimani tu, nayo itakuwa nusu ya ukweli.