Univira: sifa ya mke wa mume mmoja

Kilatini cha Roma ya kale kilikuwa na neno "univira", lililoundwa na unus, yaani "mmoja", na vir, yaani "mwanamume" au "mume". Lilimtaja mwanamke aliyeolewa na mume mmoja tu maishani. Lilichongwa kwenye mawe ya makaburi, mara nyingi kwa agizo la mgane: marehemu alimtangulia mumewe, wala hakupata hata nafasi ya kuposwa tena.

Cornelia, mama yao wanasiasa wa Roma Tiberius na Gaius Gracchus, aliipata sifa hiyo akiwa hai. Alizaa watoto 12, akafiwa na mumewe, na kwa masimulizi ya mwandishi wa kale Plutarch alimkataa hata Mfalme Ptolemy wa Misri alipomposa.

Baadaye sheria ilivuta upande mwingine. Kaisari Augusto alitaka raia waongezeke. Kwa sheria za mwaka 18 KK na 9 BK, mjane wa umri wa kati ya miaka 20 na 50 alitakiwa aolewe tena, la sivyo haki yake ya kurithi ibanwe. Sheria ya pili ilimpa miaka miwili ya kutafuta mume. Basi jambo lilelile lililosifiwa kaburini liliadhibiwa mahakamani. Mwanamume, kwa upande wake, hakutiwa doa kwa kuoa mara ya pili.

Ukilikuta "univira" kwenye maandishi ya kale, uliza kwanza nani aliligharimia jiwe. Sifa ilikuwa ya mke, lakini kalamu ilikuwa ya mume.