Siku 40 za mzazi: maji ya moto, magadi na jicho la bibi

Dada yangu alipojifungua mtoto wake wa kwanza, aliruhusiwa kurudi nyumbani siku ya pili. Alipewa kadi yenye tarehe za kliniki, karibu zote za mtoto: chanjo, uzito, chanjo tena. Ya kwake yeye niliiona moja tu, ya wiki ya sita. Nyumbani tulimkuta bibi ameshafika kutoka Tanga na kifurushi chake: pilipili manga, mdalasini na kanga nzito za kumfunga tumbo. Kuanzia jioni ile sufuria kubwa la maji halikutoka jikoni.

Siku ya 12 bibi aliniita pembeni. "Huyu mwenzio halali," akasema. "Anasinzia kakaa."

Mimi niliyekuwa nasomea fiziolojia nikajibu kwamba ni uchovu wa kunyonyesha. Bibi akasema hapana, ni baridi imemwingia, akaongeza moto wa maji. Kumbe wote wawili tulikosea. Kwa hiyo makala hii, msomaji, ni ya kulipa deni. Nataka tuangalie arobaini ya mzazi ilitoka wapi, ndani yake mna nini, na sayansi ikiipima inabakisha nini.

Kwa nini 40?

Namba hii ni ya kale. Katika Agano la Kale, kitabu cha Mambo ya Walawi sura ya 12, mama aliyezaa mtoto wa kiume anahesabiwa siku 7 kisha 33, jumla 40. Kwa mtoto wa kike siku zinakuwa 80. Katika Uislamu kuna nifasi, yaani damu ya uzazi. Watu wengi husema nifasi ni siku 40 basi, lakini wanachuoni hawasemi kitu kimoja. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, 40 ni kawaida ya wanawake wengi, na ukomo ni 60. Ukilitazama hilo kwa macho ya mwanasayansi, utaona kuna watu walikaa chini wakahesabu, wakatofautisha kilicho cha kawaida na kilicho cha mwisho kabisa.

Pwani desturi hii imeandikwa zamani. Salme binti Said, binti wa Sultani wa Zanzibar ambaye baadaye aliitwa Emily Ruete, alichapisha kumbukumbu zake Ujerumani mwaka 1886, na humo anaeleza siku ya 40 ilivyokuwa siku ya shughuli, mtoto akinyolewa nywele zake za kwanza. Mwaka 1903 kikatoka kitabu cha Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo kuhusu desturi za Waswahili, na uzazi una nafasi yake humo.

Wala si pwani tu. Uchagani mzazi alikuwa akitunzwa ndani hata miezi mitatu, akilishwa mtori, nyama na mlaso, yaani damu ya mnyama iliyochanganywa na mafuta au maziwa. China wana "kukaa mwezi", zuo yuezi. Kaskazini mwa Nigeria Wahausa wana arobaini yao, na huko tutafika, kwa sababu ndiko lilikotokea jambo lililonifanya niandike haya.

Sasa upande wa mwili. Mara tu baada ya kujifungua, mfuko wa uzazi una uzito wa karibu kilo 1. Wiki moja baadaye ni kama nusu kilo. Baada ya wiki mbili hivi umesharudi chini ndani ya nyonga, na kufikia wiki ya sita unakaribia ukubwa wake wa mwanzo. Wiki 6 ni siku 42. Madaktari waliotenga wiki sita kuwa muda wa uzazi na mabibi waliotenga arobaini wamepishana kwa siku mbili tu.

Ndani ya kifurushi cha bibi

Tuanze na mkaja. Neno hili wengi tunalijua kwenye mahari: kuna fungu analopewa mama wa bibi harusi, linaitwa mkaja. Asili yake ni ile nguo aliyojifunga tumboni alipomzaa huyo binti. Je, mkaja unarudisha tumbo? Mfuko wa uzazi haurudishwi na kanga. Unajikaza wenyewe kwa homoni ya oksitosini, ambayo hutoka zaidi mtoto anaponyonya. Lakini kwa waliojifungua kwa upasuaji, baadhi ya tafiti zimeona kwamba mkanda wa tumbo unapunguza maumivu ya kusimama na kutembea. Kwa hiyo mkaja una kazi, ila siyo ile tunayoambiwa.

Uji wa pilipili manga, supu, mtori: hapa bibi anapata alama nzuri. Mama anayenyonyesha anahitaji kama kilokalori 500 za ziada kwa siku, na amepoteza damu. Chakula laini, cha moto, chenye nyama au maziwa, kinacholetwa kitandani bila yeye kuomba, ni tiba. Pilipili manga yenyewe "haisafishi damu chafu". Ile damu ni ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi unaojitoa, na hutoka hata kama hujanywa uji wowote.

Kisha kukandwa. Maji ya uvuguvugu hulegeza misuli ya mgongo na kiuno, na mzazi anasikia raha. Hilo halina ubishi. Tatizo ni pale maji yanapokuwa ya kuchemka, au yanapomwagwa juu ya mshono. Ngozi inaungua, kidonda kinachelewa kupona. Na kwa maumivu ya kuchanika wakati wa kujifungua, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka 2022 unapendekeza baridi katika siku za mwanzo: barafu au kitambaa cha baridi. Nilipomsomea bibi aliniangalia kama nimetukana.

Hospitali nazo zilikuwa na desturi zao

Ukifika hapa unaweza kudhani hadithi yetu ni ya desturi kukosea na hospitali kuisahihisha. Subiri kidogo.

Mwaka 1795 daktari Alexander Gordon wa Aberdeen, Scotland, aliandika kwamba homa ya uzazi iliyokuwa ikiua wanawake ilibebwa na wahudumu wenyewe, madaktari na wakunga, kutoka kwa mzazi mmoja hadi mwingine. Alijitaja hata yeye kuwa mmoja wa waliobeba. Hakupendwa kwa hilo.

Miaka 50 baadaye, katika hospitali kuu ya Vienna, Ignaz Semmelweis alikuwa na wodi mbili mbele yake. Moja ilikuwa ya madaktari na wanafunzi wao, nyingine ya wakunga. Mwaka 1846 katika ile ya madaktari wazazi zaidi ya 11 katika kila 100 walikufa. Katika ile ya wakunga hawakufika 3. Wanawake wa mjini walilijua hilo, wakawa wanaomba wasipelekwe kwa madaktari. Semmelweis akagundua kwamba madaktari walitoka kupasua maiti wakaja moja kwa moja kuzalisha. Mei 1847 akaamuru wanawe mikono kwa maji ya klorini. Aprili vifo vilikuwa zaidi ya 18 kwa 100. Juni vikawa 2 na kidogo.

Homa yenyewe ilikuja kupata dawa katika miaka ya 1930, pale Leonard Colebrook wa hospitali ya Queen Charlotte's, London, alipoijaribu Prontosil, moja ya dawa za kwanza za salfa, na kutangaza matokeo mwaka 1936. Hakuna jani wala maji ya moto yaliyowahi kufanya kilichofanywa na sabuni, salfa na baadaye penisilini. Hili tuliseme bila kuona haya.

Lakini katika miaka hiyo hiyo hospitali za Ulaya na Marekani zilikuwa zikiwalaza wazazi kitandani siku 10 au zaidi, wengine wasiruhusiwe hata kukaa. Ilionekana ndiyo sayansi. Katika miaka ya 1940, vita vikiendelea na vitanda vikiwa haba, wanawake wakaanza kuinuliwa mapema, na ikaonekana wanapona vizuri. Leo sababu tunaijua: baada ya kujifungua damu huganda kwa urahisi, na kulala tuli kunazidisha hatari. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2014 ulikuta kwamba katika wiki 6 za kwanza hatari ya madonge ya damu ni karibu mara 11 ya kawaida, na inaendelea hadi wiki ya 12.

Kwa hiyo "mzazi apumzike" ni neno jema, na "mzazi asiinuke" ni neno la hatari, liwe limetoka kwa bibi au kwa profesa.

Zaria

Turudi kwa dada. Siku ya 14 miguu ilikuwa imevimba, na kutoka chumbani hadi chooni alisimama mara mbili kupumua. Tukampeleka hospitali. Baada ya vipimo tuliambiwa misuli ya moyo wake imedhoofika. Ni ugonjwa unaowapata baadhi ya wanawake mwishoni mwa ujauzito au katika miezi ya kwanza baada ya kujifungua. Moyo haupigi kwa nguvu, maji yanajaa miguuni na kwenye mapafu, na mgonjwa akilala chali anahisi anazama. Ndiyo maana alikuwa anasinzia amekaa.

Nilipoanza kutafuta habari za ugonjwa huu nikaishia Zaria, kaskazini mwa Nigeria. Katika miaka ya 1970 madaktari wa huko walikuwa wakipokea wazazi wengi sana wenye hali kama ya dada yangu. Mwaka 1978 Davidson na Parry walichapisha maelezo yao kuhusu wagonjwa hao, na wakaiangalia arobaini ya Kihausa kwa makini. Mzazi aliogeshwa maji ya moto sana mara mbili kwa siku, akalala kwenye kitanda cha udongo kilichowashiwa moto chini yake, na akanywa uji uliotiwa kanwa. Kanwa ni nini? Ni magadi, yale yale tunayopikia maharage, kutoka upande wa Ziwa Chad. Magadi yamejaa sodiamu, na sodiamu hushika maji mwilini. Hoja yao ilikuwa rahisi: chumvi nyingi pamoja na joto kali vinaubebesha moyo mzigo usioweza kuuhimili.

Hoja hii ilikaa vitabuni miaka 40. Mimi nilipoisoma nilimkasirikia bibi moyoni, ingawa bibi hakutia magadi yoyote kwenye uji.

Halafu nikasoma zaidi. Mwaka 2020 watafiti wa Nigeria, wakiongozwa na Kamilu Karaye wa Kano, walichapisha matokeo ya rejista ya wagonjwa kutoka hospitali mbalimbali za nchi hiyo, wakawalinganisha na wanawake wasio na ugonjwa. Maji ya moto na uji wa magadi havikuthibitika kuwa chanzo. Vilivyojitokeza ni kukosa elimu ya shule, kukosa kazi, uzito mdogo wa mwili, na kuwahi kupata presha ya ujauzito inayotangulia kifafa cha mimba. Yaani umaskini na presha. Haimaanishi kwamba magadi ni salama kwa mzazi mwenye moyo dhaifu. Chumvi bado ni adui yake. Inamaanisha tuliwahi mno kumlaumu bibi na sufuria lake.

Kilichobaki kwenye mizani

Mwongozo ule wa WHO wa 2022 unasema mzazi abaki kituoni angalau saa 24, kisha aonwe angalau mara tatu zaidi: kati ya saa 48 na 72, kati ya siku ya 7 na 14, na wiki ya sita. Soma tena tarehe hizo halafu fikiria mama anayelala peke yake kwenye chumba cha kupanga, mume kazini, kadi mezani ikisema wiki ya sita. Katikati pale nani anamwangalia? Katika arobaini jibu lilikuwepo siku zote: yupo mtu, analala chumba kimoja naye, anajua amekula nini na amelalaje.

Kwa hiyo kama kuna mzazi nyumbani kwako sasa hivi, mpe uji, mbebee mtoto, mkande kwa maji unayoweza kuyavumilia wewe mwenyewe kwenye mkono, na umtembeze kidogo kila siku. Lakini ukiona homa, damu inayolowanisha pedi kwa saa moja, kichwa kuuma sana au macho kuona ukungu, degedege, mguu mmoja kuvimba na kuuma, pumzi kukata, au mama anayesema hataki kuishi au hamtaki mtoto, usiongeze maji ya moto. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Dada yangu alitumia dawa karibu mwaka mzima, na moyo wake ukapata nguvu tena. Daktari amemshauri asibebe mimba nyingine bila kumwona kwanza. Bibi bado anaamini ilikuwa baridi. Sijabishana naye tena, maana mwaka huu binamu yetu anatarajia, na bibi ameshaniuliza ile mashine ya kupimia presha inauzwa shilingi ngapi.