Mimea ya Kati na Mageuko ya Usanisinuru: Funzo kutoka Nyasi ya Miombo

Ikisiri

Usanisinuru wa C4, unaotumiwa na mahindi, mtama na muwa, umeibuka zaidi ya mara 60 katika koo mbalimbali za mimea. Makala hii inajadili namna mfumo wenye sehemu nyingi kiasi hicho ulivyoweza kujengeka hatua kwa hatua. Kwa kutumia utafiti wa Pascal-Antoine Christin na wenzake kuhusu nyasi iitwayo Alloteropsis semialata, pamoja na kazi zilizofanywa juu ya Flaveria na mpunga, makala inatetea hoja kwamba mimea ya kati, yaani ile isiyo C3 kamili wala C4 kamili, ndiyo ushahidi mzito kuliko wote. Mimea hiyo inastahili kuchunguzwa kama viumbe vinavyojitosheleza katika mazingira yao, na miombo ya Tanzania na Zambia ina nafasi ya pekee katika kazi hiyo.

Utangulizi

Mwaka 1965 Hugo Kortschak na wenzake, waliokuwa wakichunguza muwa huko Hawaii, walichapisha matokeo yaliyokwenda kinyume na mazoea. Walipoupa muwa kaboni dioksidi yenye kaboni nururifu, kaboni hiyo haikuonekana kwanza katika kampaundi ya kaboni tatu, kama kazi ya Melvin Calvin ilivyofundisha, bali katika asidi za kaboni nne. Huko Urusi, Yuri Karpilov alikuwa ameona jambo la aina hiyo katika mahindi mwaka 1960, ila maandishi yake hayakuwafikia wengi. Mwaka 1966 Marshall Hatch na Roger Slack, wakiwa Brisbane, Australia, walianza kuieleza kemia yake hatua moja baada ya nyingine. Mfumo huo ukaitwa C4, na ule uliozoeleka ukaitwa C3.

Mimea ya C4 haizidi sana asilimia 3 ya spishi zote zinazotoa maua, lakini hufanya karibu robo ya usanisinuru wote wa nchi kavu. Uwele na ulezi ni wa kundi hili. Mpunga, ngano, muhogo, maharage na migomba ni ya C3. Rowan Sage wa Chuo Kikuu cha Toronto na wenzake walihesabu mwaka 2011 koo 62 ambazo kila moja iliufikia mfumo wa C4 kwa njia yake. Hapo ndipo swali la makala hii linapozaliwa: mfumo mgumu namna hii uliwezaje kutokea mara nyingi hivyo?

Ugumu wa mfumo

Chanzo cha yote ni rubisko, kimeng'enya kinachonasa kaboni dioksidi ndani ya jani. Rubisko iliibuka zama ambazo angahewa ilikuwa na oksijeni kidogo mno. Oksijeni ilipoongezeka, udhaifu wake ulijitokeza: mara kwa mara hunasa oksijeni badala ya kaboni dioksidi. Mmea hulazimika kutumia nishati kurekebisha matokeo ya kosa hilo, na katika kurekebisha hupoteza kaboni uliyokwisha kuipata. Hasara hiyo, iitwayo fotorespiresheni, hukua joto linapopanda, na katika nchi za joto mmea wa C3 unaweza kupoteza karibu robo ya kaboni yake. Kiwango cha kaboni dioksidi angani kiliposhuka sana, yapata miaka milioni 30 iliyopita, mzigo huo ulizidi kuwa mzito.

Jani la muhindi linaonyesha jinsi C4 inavyoliepuka tatizo hili. Ukilikata kwa upana likawa pande jembamba, kisha ukalitazama kwa hadubini, utaona kila mshipa umezungukwa na duara la seli kubwa zilizojaa kloroplasti. Nje ya duara hilo kuna seli za mesofili, na kati ya duara moja na jingine mara nyingi hupita seli mbili tu za mesofili. Ukaribu huo una kazi yake. Katika mesofili, kimeng'enya PEPC, ambacho hakinasi oksijeni kabisa, huanza kuishika kaboni na kuiingiza katika asidi ya kaboni nne. Asidi hiyo husafiri hadi kwenye seli za duara, ambazo hapa tutaziita seli za ala, na humo huachia kaboni dioksidi. Rubisko imefungiwa humo humo, katika hewa yenye kaboni dioksidi tele, hivyo nafasi yake ya kukosea hupungua sana.

Kwa hiyo C4 inahitaji mishipa iliyokaribiana, seli za ala zilizopanuka, vimeng'enya vilivyogawanywa kila kimoja mahali pake, na njia za kusafirisha asidi kati ya seli. Mtu anaweza kuuliza kwa haki: nusu ya mfumo huu ina faida gani? PEPC isiyo na mahali pa kupeleka asidi yake haionekani kuwa na maana, na ala pana isiyopokea kitu inaonekana kuwa gharama tupu.

Faida ya kila hatua

Jibu limetoka katika mimea ya kati. Flaveria, jenasi ya familia ya alizeti inayopatikana zaidi Meksiko na kusini mwa Marekani, ina spishi za C3, spishi za C4 na nyingine kadhaa zilizo kati yao. Katika hizo za kati, kimeng'enya kinachovunja glisini, ambayo ni zao mojawapo la fotorespiresheni, kinapatikana ndani ya seli za ala peke yake. Glisini inayotokea kwenye mesofili haina budi kwenda kuvunjwa huko. Kaboni dioksidi inayotoka humo haipotei angani, bali inanaswa tena na rubisko iliyo jirani. Hasara imegeuzwa kuwa pampu ndogo, na mmea unafaidika leo hii, bila kungoja C4 yoyote.

Hatua hiyo huzaa tatizo jipya. Glisini inapokwenda kwenye ala hubeba pia naitrojeni, na naitrojeni hiyo sharti irudi kwenye mesofili ili mizani isiharibike. Mwaka 2014 Julia Mallmann na wenzake walionyesha kuwa kemia inayofaa kuirudisha naitrojeni hiyo ni ile ile inayounda kiini cha mzunguko wa C4. Mmea ulikuwa ukitatua shida ya naitrojeni, na katika kuitatua ukajikuta umeshika mwanzo wa mfumo mwingine. Mwaka mmoja kabla ya hapo, David Heckmann na wenzake walikuwa wamekokotoa mwendo mzima kutoka C3 hadi C4 kwa modeli ya kihisabati, wakaona kwamba kila badiliko dogo linaongeza kiasi cha kaboni kinachonaswa. Hakuna bonde la kuvuka njiani.

Nyasi ya miombo

Ushahidi wa Flaveria unalinganisha spishi na spishi, na spishi hutofautiana kwa mengi mbali na usanisinuru. Ndiyo maana kazi ya Christin na wenzake, akiwemo Marjorie Lundgren, iliyofanywa katika Chuo Kikuu cha Sheffield, Uingereza, ina uzito wa pekee. Alloteropsis semialata ni spishi moja ya nyasi ya kudumu, lakini ndani yake kuna jamii za C3 kusini mwa Afrika, jamii za C4 zilizoenea Afrika na kuvuka hadi Asia na Australia, na jamii za kati zinazoota katika miombo ya Tanzania na Zambia. Tofauti ambazo kwingineko zilitengana mamilioni mengi ya miaka iliyopita, hapa zinaonekana kati ya ndugu wa karibu.

Ulinganisho huo umezaa matunda. Mwaka 2019 Lundgren na wenzake walionyesha kuwa umbo la ndani la jani la C4 katika nyasi hii limetokana hasa na badiliko moja la ukuaji: kuongezeka kwa mishipa midogo. Sifa nyingine zilizohitajika, kama upana wa seli za ala, zilikwisha kuwepo katika jamii zisizo C4. Kilichodhaniwa kuwa ukarabati wa jani zima kilikuwa nyongeza moja juu ya msingi uliokuwepo.

Mapingamizi mawili

Pingamizi la kwanza ni kwamba mimea ya kati huenda ni machotara tu wa C3 na C4, na hivyo haisemi lolote kuhusu mageuko. Ni hoja ya kupimwa, na imepimwa. Jenomu za Alloteropsis, zikiwemo zilizosomwa kutoka vielelezo vikavu vya hebaria, zinaonyesha kuwa jeni zilivuka kutoka kundi hadi kundi, lakini jamii za kati zina ukoo wake wenye historia yake.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Mwaka 2012 Christin na wenzake walionyesha kuwa baadhi ya jeni za C4 za Alloteropsis, ikiwemo ya PEPC, hazikurithiwa kwa wazazi bali zilitoka kwa nyasi nyingine zilizoachana nayo zaidi ya miaka milioni 20 iliyopita. Je, huku si kuruka hatua? Sioni hivyo. Jeni kama hiyo ina thamani pale tu inapoukuta mmea wenye mahali pa kuitumia. Ingeingia katika jani lisilo na mzunguko wowote, isingekuwa na kazi. Tena jeni hizo hazimo katika jamii zote za spishi hii. Jeni ya kuazima iliuboresha mfumo, haikuuanzisha.

Kutoka jani hadi shamba

Hoja hii inagusa chakula chetu. Mradi wa Mpunga wa C4, ulioanza mwaka 2008 katika Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mpunga nchini Ufilipino na baadaye ukaongozwa na Jane Langdale wa Chuo Kikuu cha Oxford, unakusudia kuupa mpunga uwezo wa C4 ili utoe mavuno mengi kwa maji na naitrojeni kidogo zaidi. Mwaka 2017 kundi la Langdale liliingiza jeni za mahindi katika mpunga, na seli za ala zikaota kloroplasti na mitokondria kubwa. Walichokitengeneza ni hatua ya awali, ile inayofanana na mimea ya kati. Wahandisi wa jeni wamelazimika kufuata njia iliyopitiwa na mageuko, na ramani ya njia hiyo wanaipata kwa mimea ya kati iliyo hai.

Hitimisho

Mazoea ya kuiita mimea hii "ya mpito" yanapotosha. Hakuna mmea unaoishi kwa ajili ya kile ambacho kizazi chake kitakuja kuwa. Nyasi ya kati ya miombo inanasa kaboni, inachanua na kutoa mbegu kwa sababu pampu yake ndogo inaitosha hapo ilipo. Ikisomwa hivyo, inatuonyesha kwamba mfumo mgumu hujengwa kwa suluhisho za shida ndogo ndogo, kila moja ikijilipia gharama yake.

Yanayofuata kwa watafiti wa Afrika Mashariki na Kati ni ya lazima. Miombo inapopimwa kwa mbao na mkaa peke yake, nyasi zake huhesabika kama kitu cha kufyekwa, na jamii ikitoweka, linatoweka nayo jaribio ambalo hakuna maabara inayoweza kulirudia. Hebaria za Nairobi na Dar es Salaam zinahitaji fedha za kutunza na kuongeza vielelezo. Vyuo vikuu vyetu navyo vinahitaji maabara za anatomia ya mimea na za kusoma jenomu, ili maswali kuhusu nyasi hii yaulizwe na kujibiwa na watu wanaoishi inakoota. Mpango wowote wa uhifadhi wa miombo usioorodhesha nyasi zake kwa jamii, si kwa spishi tu, unaacha nje sehemu yenye thamani kubwa kuliko zote kwa sayansi ya usanisinuru.