Dira ya Kibla Kwenye Simu

Dira ya kibla ni programu inayotambua mahali ulipo kwa satelaiti, ikapiga hesabu ya upande wa Makka, kisha ikaelekeza sindano kwa kipimo cha sumaku kilichomo ndani ya simu. Hesabu kwa kawaida haikosei, kinachokosea ni sumaku. Kava lenye kifungo cha sumaku, spika, nondo za ukutani, gari, vyote huipindisha sindano. Vua kava, toka nje, zungusha simu hewani kwa umbo la nane.

Sisi wa Unguja na Pemba tumerahisishiwa: kibla chetu ni kaskazini, kikiegemea mashariki kwa nyuzi zisizofika 2. Simu ikikuonyesha magharibi, iliyopotea ni simu.

Ama mihrabu ya siku nyingi inayotegemewa na Waislamu, wanazuoni wa Kishafi hawaruhusu kuupinga upande wake kwa ijtihadi. Kuegemea kidogo kulia au kushoto, inafaa. Kwa hiyo, kijana, usiwavurugie watu safu kwa simu. Zungumza na imamu baada ya sala, mngoje tarehe 28 Mei saa 6:18 mchana, au 16 Julai saa 6:27, jua linapokuwa juu ya Al-Kaaba. Simamisheni fimbo wima. Kibla ni kinyume cha kivuli chake.