Mtaro Huu ni wa Nani?

Wiki iliyopita nilikuwa Karatu mjini, mvua ndiyo kwanza imekatika. Nikamwona kijana mmoja mwenye duka akifagia uchafu wa mbele ya duka lake: chupa za maji, maganda ya miwa, makaratasi. Akaufikisha ukingoni mwa mtaro wa barabara kuu, akausukumia ndani, akakung'uta ufagio wake. Nikamwuliza, "Mdogo wangu, mtaro huu ni wa nani?" Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jua linachomoza upande gani. "Wa serikali, mzee."

Ndugu msomaji, jibu lile sikulicheka. Lina historia ndefu, na mimi mwenyewe nimo ndani ya historia hiyo, tena si kwa sifa njema.

Katika nchi za baridi, theluji ikianguka usiku, halmashauri ya mji hutoa magari ya kuisukuma na kumwaga chumvi katika barabara kubwa. Lakini njia ya waendao kwa miguu mbele ya nyumba ina mwenyewe mwingine. Katika miji mingi ya Ujerumani, mwenye nyumba au mpangaji wake ndiye anayepaswa kuamka alfajiri, akwangue theluji na kumwaga mchanga. Mpita njia akiteleza na kuvunjika mguu, yule aliyezembea anaweza kudaiwa fidia. Sisi theluji yetu iko kileleni Kilimanjaro, ambako hakuna gari wala duka. Kwetu badala ya theluji kuna tope la masika. Hata hivyo swali ni lile lile: kazi ya serikali inaishia wapi, na kazi ya jirani inaanzia wapi?

Nchi yenyewe haina masihara. Anayetoka Mto wa Mbu hupanda ukuta wa Bonde la Ufa, akapita Rhotia na Karatu, akafika lango la Lodoare, kisha akapanda msituni hadi ukingo wa kreta ya Ngorongoro, mita zipatazo 2,300 juu ya usawa wa bahari. Huko juu ukungu hushuka hata dereva akawasha taa saa nne ya asubuhi. Huku chini udongo ni mwekundu, wenye rutuba, lakini ukilowa huteleza kama sabuni. Maji ya mvua yakikosa njia hujichimbia yenyewe, na katika misimu michache tu mfereji huwa korongo la kumeza ng'ombe.

Sasa turudi nyuma. Ajabu ni kwamba Wajerumani hao hao walipotutawala hawakutuletea wajibu wa jirani, walituletea kiboko. Kodi ya nyumba iliyoanza mwaka 1898 ilimlazimu asiye na pesa kulipa kwa jasho lake. Waingereza walipochukua nchi, Sheria ya Mamlaka za Wenyeji ya 1926 iliwapa machifu uwezo wa kutoa amri mbalimbali kwa watu wao, na aliyeshindwa kodi aliweza kupelekwa kazini. Barabara ilikuwa moja ya kazi hizo. Kati ya vita vikuu viwili, walowezi, wengi wao Wajerumani, walilima kahawa Oldeani, na kahawa haikuweza kufika Arusha bila njia ya kupitika. Babu yangu alitusimulia alivyozibua mitaro masika nzima huku mnyapara amesimama juu yake na fimbo. Alikuwa akimaliza kusimulia hutema mate pembeni na kusema, "Barabara ile ilikuwa ya Bwana Mkubwa."

Basi uhuru ulipokuja mwaka 1961, watu walikuwa na haki ya kufurahi kwamba mnyapara ameondoka. Kosa letu ni kwamba tulimfukuza mnyapara pamoja na koleo. Ni kweli, miaka ya 1960 watu walijitolea kwa moyo, wakachimba barabara na kujenga madarasa kwa nyimbo. Lakini moyo wa kujitolea nao una wakati wake. Halmashauri za wilaya zilivunjwa mwaka 1972, kazi zikashikwa na ofisi za mkoa na wilaya zilizo chini ya serikali kuu. Zikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Katika kuhama huku na huku, mwananchi wa kijijini alijifunza jambo moja tu: barabara ni kitu kinachokuja na greda, na greda likiharibika, subiri.

Hapo ndipo ninapoingia mimi. Kijijini kwetu, upande wa Endabash, mjomba wangu alikuwa na plau na maksai wanne. Ili wavuke kutoka barabarani kuingia shambani, kila msimu wa kulima tulijaza mtaro kwa mawe na udongo. Mimi ndiye niliyebeba mawe. Tulipomaliza kulima hatukuyatoa. Hakuna aliyetuambia tulaze bomba chini ili maji yapite, wala sisi hatukuuliza.

Wenye umri wangu wanazikumbuka mvua za El Niño za 1997 na 1998. Zilibomoa barabara na madaraja nchi nzima, na treni na mabasi yakakwama. Kwetu maji yalishuka na mtaro, yakafika kwenye mawe yetu, yakageuka, yakapanda barabarani. Kwa siku tatu yaliikata barabara ile kwa upana wa hatua nne. Usiku wa siku ya nne mke wa mjomba, mama aliyenilea, alishikwa na uchungu wa kuzaa. Tukapata Land Rover ya kukodi. Ilikwenda vizuri mpaka pale pale penye mkato, ikazama hadi mlangoni. Wanaume kumi na wawili tuliisukuma hadi kukapambazuka. Hospitali tulifika jua limepanda. Mama alipona. Mtoto hakupona.

Mjomba hakusema neno. Baada ya mazishi alichukua sururu, akaenda peke yake, akayatoa yale mawe moja moja. Nilikwenda kumsaidia, naye hakunitazama. Siku ile sikuhitaji kumwuliza mtaro ni wa nani.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 lami ilifika. Kilomita zipatazo 77 kutoka Makuyuni mpaka lango la Ngorongoro zilijengwa kwa msaada wa Japani, na safari ya Arusha iliyokula siku nzima ya masika ikawa ya saa chache. Mwaka 2000 ulianzishwa Wakala wa Barabara, TANROADS, kwa ajili ya barabara kuu na za mikoa. Mwaka 2017 ukaja TARURA kwa zile za vijijini na mijini. Tozo ya mafuta inaingia katika Mfuko wa Barabara, kwa hiyo kila anayepanda basi anachangia matengenezo. Ndani ya hifadhi, mamlaka ya Ngorongoro inatunza njia zake.

Lakini lami haikuondoa masika. Tarehe 6 Mei 2017, siku ya mvua, basi lililobeba wanafunzi kutoka Arusha lilitumbukia bondeni karibu na Rhotia. Walikufa watu 35, 32 kati yao watoto. Sisemi kwamba mtaro ndio uliowaua. Nasema tu kwamba miteremko ya nchi hii, ikilowa, haimsamehi mtu.

Na lami ina jambo lake jingine: hainywi maji. Mvua yote inayoiangukia hukimbilia mtaroni, ikapita kwenye kalvati, ikamwagwa kwa nguvu katika shamba la mtu. Mkulima anaona korongo likizaliwa katikati ya mahindi yake. Anafanya nini? Anaziba kalvati. Mhandisi akija anasema mwananchi ameharibu mali ya umma, na Sheria ya Barabara Na. 13 ya 2007 inakataza uharibifu huo. Mwananchi anasema serikali imeharibu shamba lake. Wote wawili wanasema kweli, na maji hayamngojei yeyote.

Kwa maoni yangu, sheria peke yake itamrudisha mnyapara wa babu, na hatumtaki. Anayejenga barabara ayafikishe maji mpaka mtoni au bondeni, asiyaache mlangoni kwa mkulima. Anayetaka kuvuka mtaro aelekezwe mahali pa kulaza bomba, tena kabla ya msimu wa kulima. Hayo yakitimizwa, hapo jirani hatakuwa na kisingizio: mbele ya duka lako, mbele ya shamba lako, mtaro ni wako kuuangalia. Hakuna greda linaloweza kusimama mbele ya kila nyumba mvua inapoanza kunyesha, lakini mwenye nyumba yupo.

Nanyi wa Dar es Salaam msidhani haya ni ya Karatu tu. Maji yanapojaa Jangwani, kila mtu hutazama mto Msimbazi. Wachache huutazama mtaro wa mlangoni kwao. Waswahili walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mtaro methali hiyo igeuzwe: usipouzibua, utajenga daraja. Nasi wa Endabash tulichimba kaburi.

Nilimweleza yule kijana wa duka habari ya mawe yetu. Alinyamaza kidogo, kisha akaingia ndani. Alirudi na koleo.